Mwaka wa Simu Moja na Spika Mbili

Mwezi uliopita nilipandisha mitambo yangu Mkuyuni kwenye maziko ya mzee mmoja aliyekuwa mjomba wa watu wengine, si wangu. Nilipeleka spika nane, jenereta lisilopiga kelele, na mafundi wanne waliovaa fulana zenye jina langu mgongoni. Padri mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kusikia mahubiri yake yakifika mpaka ng'ambo ya bonde. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Mimi ni wa darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa, lakini leo ukitaka harusi yako Morogoro isikike kama harusi, utanitafuta. Wapo waliosomea mambo ya sauti vyuoni wanaokuja kuniuliza maswali, na ninawajibu. Nilizaliwa wapi, na nani, nililelewa vipi, hayo nayaruka. Hayakunisaidia kufunga spika hata moja. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule ambao nilikuwa na simu moja na spika mbili, kwa sababu siku ile baada ya kuzika, mpwa wa marehemu, mama wa watoto watatu anayeitwa Asumta, alinimiminia maji ya kunawa akasema, "Shikamoo, dijei. Bado unawafungia watu simu?" Waombolezaji waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka. Halafu njia nzima ya kurudi mjini nikawa naukumbuka mwaka ule.

Mwaka huo nilikuwa napanga chumba Mafiga, kwa Mama Anjela. Nyumba ya vyumba sita, ua mmoja katikati, choo kimoja chenye kufuli. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, na zile spika nilizozifunika khanga nikazifanya meza. Nilikula ugali wangu na dagaa juu ya spika ya kushoto, kwa sababu ya kulia ilikuwa na ufa pembeni na sikutaka mchuzi uingie. Kuta za nyumba ile hazikuficha kitu. Nilijua nani kanuna, nani kafunga, mtoto wa nani kakojoa kitandani. Mama Anjela alikuwa akikaanga maandazi alfajiri huku akiongea na mafuta: "Chemka basi, unanisubirisha kama mume." Sikuwa na redio ya peke yangu na sikuihitaji. Nikilala, nilikuwa nalisikiliza lile jumba zima, na nadhani sikio langu lilianza kupata akili pale, sikio la kujua ni sauti ipi inakuja juu ya ipi.

Wapiga muziki wenzangu wakati ule walikuwa wanatembea na maboksi ya CD na kompyuta zilizofungwa kwa gundi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuingia kwenye sherehe na simu mfukoni na waya mmoja. Kama kuna mtu anabisha, aje tuongee. Nilichomeka waya kwenye simu, ncha ya pili kwenye mikseri, basi, nyimbo zote za dunia zikawa kiganjani mwangu. Walinicheka mwezi wa kwanza, mwezi wa pili wakaanza kuniangalia kwa kuiba. Mwezi wa tatu nikaaibika.

Ilikuwa sherehe ya kipaimara, palepale Mafiga, kwa mwalimu mmoja mwenye sebule ya masofa. Watoto wanacheza, wazazi wamekaa na soda, keki inaingia. Mara wimbo ukakatika, mlio wa simu yangu ukatoka kwenye spika zote mbili kama king'ora. Nikakimbilia simu kuizima. Kidole kikateleza, nikapokea. Sauti ya Mama Anjela ikajaa sebule nzima, nzuri, safi, nilikuwa nimeipanga mwenyewe: "We Shabani! Umeondoka na ufunguo wa choo! Watu sita tumesimama hapa mlangoni, unataka twende wapi?" Ufunguo ule ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha waya ili usipotee, na mimi asubuhi nilikuwa nimeutia kwenye mfuko wangu wa nyaya pamoja na nyaya nyingine. Yule mtoto wa kipaimara alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kwa wiki tatu Mafiga nzima ilinipigia kelele barabarani, "Dijei Choo, tufungulie!"

Mtu mwingine angerudi kwenye CD. Mimi nilipanda mpaka Msamvu kwa Fundi Kondo, aliyekuwa na meza ya kutengeneza simu nyuma ya stendi, mzee mwembamba anayevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akifanya kazi ndogo. Nilimwamkia, nikamweleza, akacheka kwanza mpaka akavua miwani yote. Kisha akaniambia nikae kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Unadhani simu ni redio," alisema. "Redio ina bwana mmoja. Humu ndani mna programu thelathini, na kila moja ina mdomo, lakini spika ni moja. Sasa ikitaka kutoa sauti, inabidi iombe kwa mfumo. Muziki unaomba kukaa muda wote. Ujumbe ukiingia unaomba sekunde moja tu, kwa hiyo muziki unashusha sauti, unaupisha, unapandisha tena. Yule mama wa ramani anayesema pinda kushoto, naye vilevile. Ila mtu akikupigia, hapo hakuna kushusha. Wote wananyamaza mpaka amalize."

"Nani anawanyamazisha?"

"Hakuna. Mfumo unawapa taarifa tu kwamba mwenzenu kaomba. Mwenye adabu ananyamaza. Asiye na adabu anaendelea." Akachukua simu ya mteja, akafungua programu moja akaweka kwaya, akafungua nyingine akaweka taarabu, na zote mbili zikapiga kwa pamoja pale mezani, vurugu tupu. "Unaona? Huyu wa pili aliyemtengeneza hakumfundisha kupisha. Wewe tafuta wenye adabu. Na ujue sauti ya mlio ina kipimo chake, ya muziki chake, ya kengele ya kuamkia chake, ya maongezi chake. Unashusha moja, nyingine imekaa palepale inakusubiri uaibike."

Maneno yale yaliniingia kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa darasani. Nilirudi chumbani nikajaribu programu za muziki tisa, moja baada ya nyingine, nikimwomba Mama Anjela anipigie nikiwa katikati ya wimbo. Ile iliyonyamaza ikarudi kutoka mwanzo wa wimbo, nikaifuta. Iliyonyamaza isirudi kabisa, nikaifuta. Nikabaki na moja iliyosimama pale pale simu ilipoingia, na ikaendelea kutoka neno lile lile. Kisha nikaingia kwenye ile sehemu ya Usinisumbue, na hapo nilijiona daktari. Nilizuia milio yote. Nikakuta simu inakuruhusu uchague watu wachache wa kupita hata kama umezuia, unawawekea nyota. Nikakuta pia kwamba mtu akipiga mara ya pili ndani ya robo saa, simu inamruhusu, eti huenda ana dharura. Hicho nikakizima, maana Mama Anjela alikuwa mtu wa kupiga mara tano. Kuanzia hapo hakuna sherehe yangu iliyokatika. Watu wakaanza kusema, "Mchukueni yule, simu yake haiiti." Naandika haya bila aibu: katika mji mzima, mimi ndiye niliyekuwa naelewa nini kinamtangulia nini ndani ya simu. Tatizo la mtu anayeelewa kitu peke yake ni kwamba hakuna wa kumwambia anakosea.

Ndipo nikaitwa Mkuyuni, kwenye harusi ya huyu Asumta. Bwana harusi alikuwa mwalimu kutoka Singida. Walifunga ndoa kanisani asubuhi, lakini kule milimani hiyo ni nusu ya kazi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Baba yupo, anaheshimiwa, anakaa mbele, ila binti hatoki nyumbani mpaka mjomba atamke. Na mjomba huyu, Mzee Mkude, alikuwa mlinzi kwenye mashamba ya miwa kule Kilombero, amevunjika mguu, amelala na plasta mpaka kiunoni. Walimwambia ateue mtu amsemee. Akakataa, akasema neno lake atalisema kwa mdomo wake. Kila mtu pale alijua pia kwamba mwanzoni aliipinga ndoa, akiogopa watoto wa Asumta watachukuliwa Singida wasijue kwao. Alikuja kulainika baada ya miezi mingi. Kwa hiyo mama yake Asumta alinivuta pembeni kwenye jiko la nje, mikono yake inanukia mdalasini wa pilau uliochunwa asubuhi ile kwenye mti wa nyuma ya nyumba.

"Baba, nasikia wewe ni bingwa wa simu. Unaweza kumtoa kaka yangu kwenye hizo spika, watu wote wamsikie?"

"Mama, atasikika mpaka Matombo."

Nikachukua namba ya Mzee Mkude, nikaiandika "Mjomba", nikaiwekea nyota, nikaacha wengine wote nje. Makubaliano yalikuwa apige saa nane mchana kamili.

Saa nane kasoro dakika tano nikazima muziki. Meza yangu ilikuwa chini ya dirisha la chumba alichokaa Asumta na mashangazi zake. Simu nilikuwa nimeilaza kifudifudi chini ya kitambaa, kwa sababu jua lilikuwa kali na simu ikipata joto inajizima. Wazee wa upande wa mama walikaa kwenye viti vya mbao, upande wa Singida kwenye mabenchi, mshenga wao mbele, Mzee Yona, mtu wa suti ya kahawia anayeongea polepole. Saa nane ikafika. Ikapita. Kuku wakapita katikati ya uwanja. Mtu akakohoa. Robo saa nzima tulikaa hivyo, watu zaidi ya mia, pilau inapoa.

"Dijei," akaita mzee mmoja, "vipi?"

Sikujua vipi. Lakini mdomo wangu haujawahi kukosa jibu. "Mtandao, wazee wangu. Huku milimani unakatakata."

Watu wakaguna wakakubali. Nani asiyekubali neno hilo? Nilikuwa sijaiangalia hata simu. Niliamini mpangilio wangu. Mjomba angepiga, simu ingeita. Mama yake Asumta akatoa simu yake ndogo, akampigia kaka yake mwenyewe, akaweka sikioni, na uso ukabadilika. "Wanasema imezimwa."

Mzee Yona akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu zangu, naomba nieleweke, sina ugomvi. Lakini mtandao ulioweza kutuambia kwamba mtu amezima simu, huo si mtandao mbovu. Mzee amezima. Kama hamtupi mtoto, semeni, tuna safari ndefu."

"Nani kasema hatuwapi?" Mama yake Asumta akapandisha sauti.

"Mwenye neno amezima simu, mama. Wewe unataka niseme nini?"

Basi uwanja ukaanza kuchemka, Kiluguru huku, Kinyaturu kule. Na juu ya kichwa changu, dirishani, nikamsikia Asumta akisema taratibu, hata halii: "Mimi nilijua. Alikubali ili nisimsumbue. Nivueni hili shela, linanichoma." Shangazi yake akamwambia anyamaze. Akajibu, "Ninyamaze nini tena?"

Ndipo nikafunua kitambaa nikaigeuza simu. Mtandao ulikuwa umejaa mistari yote. Simu kumi na moja zisizopokelewa, zote kutoka namba moja nisiyoijua, ya kwanza saa nane kamili. Zilikuwa zimeingia pale pale mbele yangu, zote kumi na moja, bila hata kutikisa meza. Kumbe mjomba alikuwa ameishiwa chaji, ameazima simu ya jirani. Mfumo ulifanya kazi yake vizuri sana. Mimi ndiye niliyeuagiza usimjali mtu yeyote asiye na nyota, hata akirudia.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Wazo langu la kwanza halikuwa Asumta. Lilikuwa kwamba hakuna aliyeona. Ningeondoa kile kizuizi kimyakimya, simu ya kumi na mbili ingeita, na mtandao ungebeba lawama yake kama ilivyozoea. Nikakiondoa. Nikasubiri. Haikuita. Nikachomoa waya, nikaenda nyuma ya nyumba kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikaipigia ile namba. Akapokea mwanamke.

"Ni wa harusini? Mzee kageukia ukutani. Anasema wamemfungia mlango, hataki simu ya mtu."

"Mama, mwambie ilikuwa mtandao."

Nikasikia akimwambia, kisha nikasikia sauti ya mzee kwa mbali, nzito. Mwanamke akarudi: "Anasema simu ilikuwa inaita vizuri masikioni mwake, mara kumi na moja. Anasema aliyemfungia aseme mbele ya watu, na yeye asikie. La sivyo na yeye hana neno."

Nilisimama pale penye ule mti wa mdalasini uliochunwa. Ningeweza kuondoka, spika mbili zinabebeka. Mwaka mzima nilikuwa nimejenga jina la mtu ambaye simu yake haimwaibishi. Lakini nilikuwa nimemsikia yule binti dirishani, na sikio langu, kama nilivyosema, halisahau. Nikarudi na simu ikiwa hewani, nikachomeka waya, nikashika kipaza sauti. Mzee Yona alikuwa ameshawainua watu wake.

"Wazee, shikamooni. Naomba mkae. Si mtandao. Mjomba amepiga mara kumi na moja, tangu saa nane kamili. Mimi nilikuwa nimeifunga simu isipokee namba ngeni, na yeye kapiga kwa simu ya jirani. Niliwadanganya. Yupo hewani sasa hivi, anasikia."

Kisha spika zikakwaruza, akaja. Naapa sijawahi kupanga sauti ikatoka nzito vile.

"Wewe uliyeongea ni nani?"

"Dijei, mjomba. Shabani."

"Nani alikupa kazi ya kuchagua wa kuongea kwenye ukoo wetu?"

"Hakuna, mjomba. Namba ilikuwa ngeni..."

"Namba! Mimi nimemnunulia huyo mtoto daftari la kwanza, wewe unaniambia namba. Yuko wapi?"

Mtu akacheka, wengine wakafuata, na kwenye kicheko hicho nikaona Mzee Yona anakaa. Asumta akatoka ndani, shela limekaa upande, akasimama mbele ya meza yangu kana kwamba ndiyo mjomba. "Nipo, mjomba."

"Ulidhani nimekataa?"

Asumta akalinyoosha lile shela.

"Asumta. Nenda. Wewe mwalimu, watoto wake waijue njia ya huku. Kila mwaka waje wale matunda ya huku. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba," bwana harusi akasema.

"Haya. Mchukue."

Vigelegele vilipasuka mpaka kuku wakaruka juu ya paa. Mimi nikainamia simu, nikate, nirudishe muziki, maana hapo ndipo dijei mzuri anapoingia. Spika zikaunguruma: "Nani anataka kukata? Mimi nimelala hapa peke yangu na ukuta. Nataka kusikia harusi."

"Mjomba, simu ikiwa hewani muziki haupigi. Ndivyo ilivyotengenezwa. Lazima tuchague, wewe au wimbo."

Mama yake Asumta hakusubiri tuchague. Alipiga makofi mawili, akaanzisha mwenyewe, wimbo wa kule juu wa kumtoa binti, na mashangazi wakadakia kutoka dirishani. Mtu akaleta ngoma, mwingine akapiga beseni. Mimi, fundi niliyejua kila kinachomtangulia mwenzake, sikuwa na kazi yoyote zaidi ya kuisogeza simu mpaka mwisho wa waya na kuishika juu, mkono ukichoka nabadilisha. Baada ya beti mbili nikasikia spika zinatoa kitu. Mzee alikuwa anaimba. Sauti yake ilikuwa inatoka Kilombero ikichelewa, wenzake wakishamaliza mstari ndiyo yeye anaufikia, na nikadhani watamwacha nyuma. Hawakumwacha. Wakaanza kumaliza kila mstari, wananyamaza wote, ngoma inashushwa, mpaka aufikie na yeye, ndipo wanaendelea.